Bibi wa makoti na ubao wa Kibiriti

Saa moja na nusu asubuhi, theluji ya mji wa Gary haijaamua kama inadondoka au inayeyuka, na Odessa Pruitt tayari amekunja mikono ya sweta yuko kazini. Anakanyaga pedali, mvuke unafoka, suruali ya mtu inanyooka. Anaigeuza, anakanyaga tena. Sakafu ya duka hili la dobi ni zege tupu, lakini miguu yake haijagusa zege. Amesimama juu ya ubao mpana wa rangi ya kahawa, uliosuguliwa na miaka mpaka kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika.

"Usikanyage hapo," ananiambia kabla hata ya salamu. "Viatu vyako vina chumvi ya barabarani."

Namuuliza ni ubao gani huo wa kulindwa hivyo. Anatundika suruali kwenye henga, anavuta nyingine.

"Si wangu," anasema. "Nimeachiwa tu niutunze."

Ana miaka sabini na sita. Magoti yake yaligoma zamani, na vidole vyake viwili havikunjiki tena vizuri. Kwa kazi hii analipwa dola kumi na mbili kwa saa, na hata hizo zinakwisha mwisho wa mwezi, kwa sababu duka hili la Glen Park linafungwa. Watu hawavai tena suti. "Siku hizi hata maiti wanaivalisha jezi ya mpira," analalamika Bwana Petrakis, mwenye duka, naye si kijana wa kuanza biashara nyingine.

Nilikwenda pale kwa ajili ya Mardella, klabu ya muziki ya zamani. Jiji limetangaza kwamba litalibomoa jengo lile kabla ya kiangazi, na mhariri wangu alitaka nipate mtu wa kulikumbuka. Wapo wengi wa kulikumbuka, tatizo ni uongo wao. Kila mzee wa mji huu atakuapia kwamba asubuhi ile Corliss Mabry alipoimba mpaka akazimia, yeye alikuwa meza ya mbele kabisa. Ukizipanga meza za mbele zote nilizosimuliwa, ukumbi wa Mardella ungefika Chicago.

Odessa hakuniapia chochote. "Nilifanya kazi Mardella miaka minane," aliniambia, "na sijawahi kuona shoo hata moja."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa mlinda makoti, na dirisha la chumba cha makoti lilitazama mlango wa nje. Jukwaa lilikuwa mgongoni kwake, nyuma ya ukuta. Muziki ulipoanza, wachelewaji nao ndipo walipoingia, na koti la mtu haliachwi peke yake.

"Corliss nilimsikia kila wiki," anasema. "Namjua kuliko hao wa meza za mbele. Akiwa na mafua, mimi ndiye wa kwanza kujua. Lakini uso wake jukwaani? Sikuujua. Mimi nilimjua akiingia, amevaa kofia ya manyoya, anapiga chafya."

Wageni wa mji huu hushangaa wakisikia kwamba shoo kubwa ya Mardella ilikuwa Jumapili saa tatu asubuhi. Sisi hatushangai. Wanaume wa shifti ya usiku walitoka kiwanda cha chuma jua likichomoza, wakaoga, wakavaa suti, wakawachukua wake zao, wakaja kula kambale wa kukaanga na ugali laini wa siagi huku kinanda na saksafoni vikitikisa sahani. Usiku wao ndio ulikuwa huo. Mapazia mazito yalifungwa ili jua lisiwaudhi.

"Mama yangu alipita pale kila Jumapili akienda kanisani," Odessa anasema, na kwa mara ya kwanza anaacha pedali. "Ananikuta dirishani. Hanisalimii. Anasema, 'Odessa, Bwana anakuona.' Na mimi namjibu, 'Mama, hata mimi nakuona, funga kitambaa vizuri, baridi hiyo.'"

Anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye suruali.

Katika wote waliopanda jukwaa la Mardella, aliyempenda zaidi ni yule ambaye hakuimba hata neno. Aliitwa Leotis Gandy, na jina lake la jukwaani lilikuwa Kibiriti. Alicheza kwa viatu vyenye vyuma chini ya soli, miguu ikipiga sakafu mpaka ngoma za bendi zikanyamaza kumpisha. Jukwaa la Mardella lilikuwa la mbao laini, lililomeza mlio wote, hivyo Kibiriti alikuja na sakafu yake mwenyewe: ubao mgumu aliourithi kwa baba yake kule Birmingham.

Ndiyo, ubao huo huo.

"Akimaliza kucheza ananiletea dirishani," anasema Odessa. "Namuuliza, 'Kwa nini usiende nao nyumbani?' Anasema, 'Dada, nina watoto sita na jiko la kuni.' Basi naupokea, nauweka nyuma ya makoti, nampa kipande chake. Namba arobaini. Siku zote arobaini."

Vile vipande vilikuwa vya shaba, vidogo, vyenye tundu na namba. Na mwenye klabu, marehemu Fontaine Treadwell, alikuwa na sheria moja tu kwa mlinda makoti: bila kipande, hakuna kinachotoka, hata kama anayedai ni mumeo. Odessa aliishika sheria hiyo kwa meno. Jumapili moja ya mvua ya barafu, Treadwell mwenyewe alikuja dirishani kudai koti lake, kipande amekipoteza.

"Nilimwacha akatetemeka pale mpaka kipande kikaonekana chini ya meza yake," anasema. "Aliniita majina yote. Kesho yake akaniongeza mshahara."

Halafu kiwanda kikaanza kupunguza watu, na shifti ya usiku ikakonda. Treadwell akaifukuza bendi, akaweka sanduku la kupiga santuri kwa sarafu. Wasanii wakaondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Asubuhi ya mwisho ya Kibiriti ilikuwa mwaka 1974. Alicheza, akauleta ubao dirishani kama kawaida, akachukua kipande chake, akaenda. Wiki iliyofuata mlango ulikuwa na kufuli.

Treadwell alimwita Odessa aje kusafisha chumba cha makoti. Makoti yasiyo na wenyewe yalipelekwa kanisani. Ubao aliubeba begani mpaka nyumbani.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani hata wewe msomaji unaliuliza. Mji wenyewe huu mdogo. Kwa nini hakumtafuta?

"Mwanangu," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtu mzima kufunga kamba za viatu, "mlinda makoti hamfuati mwenye koti. Mwenye koti ndiye anarudi. Ukianza kuwafuata, na anayekuja na uongo wake utamwamini." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na walisema ameenda California. Baadaye wakasema amekufa. Nikachoka kuuliza."

Hapo mahojiano yangu yangeishia, na ningeandika makala kama zile nyingine: klabu ilikuwepo, watu walicheza, tumezeeka. Lakini wiki hiyo hiyo, mwanamke mmoja aitwaye Charlesetta aliingia dukani na suti ya kijani kibichi yenye kola ya mahameli.

Odessa aliipokea, akaigeuza ndani nje kuangalia bitana kama anavyofanya kwa kila nguo. Kwapani palikuwa na mshono wa uzi mwekundu. Aliujua, kwa sababu aliushona yeye, pale dirishani, asubuhi moja uzi mweusi ulipomwishia na Kibiriti anaitwa jukwaani.

"Suti hii ya nani, binti?"

"Ya baba. Anatimiza themanini na nane Jumamosi. Tunataka aivae."

Yu hai, basi. Odessa aliikunjua suruali juu ya kaunta. "Na suruali mnataka tuifanyeje?"

Charlesetta akaweka kiganja juu ya paja lake mwenyewe, karibu na goti. "Ikatwe hapa, mama, mfunge kwa ndani."

"Mguu upi?"

"Yote miwili. Kisukari."

Odessa aliandika risiti, mwanamke akaondoka. Kabla ya kuipiga pasi nguo yoyote, mifuko hukaguliwa, maana kalamu moja iliyosahaulika huharibu mzigo mzima. Katika kile kifuko kidogo cha ndani ya koti, ambacho watu husahau hata kwamba kipo, kidole chake kiligusa kipande cha shaba. Namba arobaini.

"Odessa!" Bwana Petrakis alimwita alipomwona amekaa juu ya kapu la nguo chafu. "Umeokota pesa?"

"Afadhali ingekuwa pesa," alijibu.

Nilipokwenda kumwona Alhamisi, suruali ilikuwa tayari, imefungwa kwa mishono midogo ya heshima. Lakini mwenyewe hakuwa amelala siku mbili, na macho yalisema hivyo. Petrakis alikuwa ameshampa ushauri: nyamaza. Mzee amesahau, binti hajui, kipande kitupe, maisha yaendelee.

"Na ana hoja," Odessa aliniambia. "Nimpelekee mtu asiye na miguu ubao wa kuchezea? Siku ya kuzaliwa kwake? Huo ni ubinadamu? Nitakuwa nimeenda kumcheka."

"Basi usipeleke," nilisema.

Alinitazama kama nimetukana ukoo wake. "Kipande kimeletwa! Aliyekileta hajui amekileta, hiyo si hoja. Kikifika dirishani, mzigo unatoka. Nimewanyima watu makoti kwenye barafu kwa sheria hii. Leo imenigeukia mimi ndiyo niivunje?"

Akapiga pedali kwa hasira, na kwa dakika nzima hatukuonana kwa mvuke.

Jumamosi nilimpeleka mimi kwa gari langu bovu, mpaka nyumba ya wazee ya Merrillville, anwani ambayo Charlesetta aliiacha kwenye risiti. Ubao ulilala kiti cha nyuma, umevikwa nailoni ya dobi kama nguo ya mteja, na kipande kimebanwa juu yake kwa pini. Odessa alivaa koti lake zuri la sufu. Njia nzima alisema maneno machache.

"Akilia je?"

"Atalia," nilisema.

"Akinifukuza?"

"Tutarudi nyumbani."

"Wewe ni rahisi kwako," alisema, akageukia dirisha.

Leotis Gandy alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya chumba, suti ya kijani imemkaa vyema mabegani, na pale magotini nguo imekwisha kwa unadhifu. Charlesetta alikuwepo na keki. Juu ya kabati, viatu viwili vyeusi vilivyong'arishwa vilikuwa vimewekwa kama pambo, vyuma vyake vikionekana. Mzee alitutazama bila kutujua. Odessa hakujitambulisha. Alisimama mlangoni, akasafisha koo, akaita kama alivyokuwa akiita pale dirishani:

"Namba arobaini!"

Mzee aliinua macho. Uma wa keki ukabaki hewani.

"Arobaini," alijibu polepole. "Na usinikwaruzie."

"Sijakukwaruzia."

"Toa uso dirishani, dada, nikuone."

Odessa akasogea, akaondoa nailoni, akaweka ubao juu ya kitanda. Charlesetta aliweka mkono mdomoni. "Baba, si ndio huu? Si ulituambia Treadwell aliuiba? Miaka yote umemlaani yule mtu!"

"Marehemu hajibu," alisema mzee.

"Baba!"

"Mngeniacha?" Aligeuka kwa bintiye, na sauti ilikuwa imechoka, haina ugomvi. "Kila sherehe: Leotis, cheza. Kila harusi: Kibiriti, tuwashie. Nikiwaambia umeibiwa, wananionea huruma, wananiacha nile." Akamgeukia Odessa. "Asubuhi ile ya mwisho walikuwepo watu wanne, na mmoja kasinzia. Nilicheza mpaka mwisho. Hakuna aliyeweka uma chini, dada. Hata mmoja. Nikasema, Leotis, inatosha. Nikauweka kwako. Nilijua kwako hautoki bila kipande, na kipande ninacho mimi."

Nilimwangalia Odessa, nikaona uso wake umebadilika, na haikuwa huruma.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa stoo yako," alisema.

"Benki. Nilikufanya benki."

"Benki, mzee? Nimehama nyumba nne na ubao wako! Mume wangu, Mungu amrehemu, alitaka kuufanya rafu ya jikoni, tukanuniana wiki nzima, mimi namwambia una mwenyewe, mwenyewe atarudi! Kumbe mwenyewe amelala kwake amevuta blanketi!"

"Sikujua ungeutunza muda wote huo."

"Ulijua. Ndiyo maana uliniachia mimi."

Mzee aliinamisha kichwa. "Kweli," alisema. "Nilijua. Nisamehe, dada yangu."

Odessa alikaa kwenye kiti cha karibu, ghafla amekuwa mzee kuliko alivyoingia, na akaanza kusugua goti lake. Charlesetta alimkatia keki, hakuigusa. Leotis aliomba aletewe ubao, tukauweka juu ya mikono ya kiti chake kama meza. Alipitisha viganja juu yake, vikasimama mahali fulani, akarudia. Katikati ya ubao palikuwa na mabonde mawili mafupi, yaliyopauka, yamekaa sambamba.

"Hapa si miguu yangu," alisema. "Mimi sikuwahi kusimama mahali pamoja."

"Ni yangu," alisema Odessa. "Zege la dobi linaua. Miaka ishirini na mbili nimesimama hapo. Kama nimekuharibia, unisamehe na wewe."

Mzee aliendelea kuyapapasa yale mabonde. Kisha akamwambia bintiye, "Nipe viatu."

"Baba, viatu vya nini?"

"Binti, nipe viatu."

Charlesetta akaviteremsha kutoka kabatini. Leotis Gandy aliingiza mikono yake humo, mmoja mmoja, kama mtu anayevaa glovu, akagonga ubao mara moja. Mlio ule ulikuwa mkavu, safi, ulijaza chumba chote. Akagonga tena. Halafu mikono ikaanza: polepole, kisha ikakumbuka, kisha ikakimbia, kisigino na ncha, kisigino na ncha, jasho likimtoka kwenye kola ya mahameli. Wauguzi walikuja mlangoni. Alikosea mahali, akatukana, akaanza upya pale pale.

Mimi nilikuwa nimemtazama yeye, kama kila mtu. Nilipokumbuka kumtafuta Odessa, nilimkuta amegeuza kiti chake. Alikuwa ametupa mgongo, uso umeelekea mlangoni, mikono mapajani, anasikiliza. Nadhani hakujua kama amefanya hivyo.

Mzee naye aliona. Viatu vikasimama.

"Odessa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita jina. "Hakuna makoti hapa. Geuka, mama, uangalie."

Aligeuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu alikuwa analia na hakutaka tumwone. Kibiriti akaanza tangu mwanzo, na akacheza kwa mtu mmoja.

Ubao ulibaki Merrillville. Odessa alibandua kipande kwenye nailoni, akakitia kwenye pochi yake, kama ilivyotakiwa: mzigo ukitoka, kipande hurudi kwa mlinda makoti.

Jumatatu asubuhi nilipita tena kwa dobi. Chini ya mashine ya pasi palikuwa na alama ya mstatili, zege jeupe lisiloona mwanga kwa miaka, na katikati yake amesimama Odessa na viatu vyake vya mpira. Petrakis alikuwa amemtafutia katoni la kukanyagia. Odessa alilisukuma pembeni kwa mguu; linateleza, anasema. Miguu inamuuma mpaka kiunoni, na bado kuna wiki mbili za kusimama kabla duka halijafungwa. Akiba hana. Pensheni ya marehemu mumewe inatosha kodi na dawa, basi. Kuhusu Mardella, hana mpango wa kwenda kuangalia wakiibomoa. Kuna baridi, na hana cha kuona kule.

Namuuliza atafanya nini kazi ikiisha.

Anakanyaga pedali, anangoja mvuke upungue.

"Jumapili saa tatu nitakuwa nakwenda kwa yule mzee," anasema. "Charlesetta ataleta kambale. Nimeshawaambia nataka kiti cha mbele." Anaitundika suruali, anainyoosha kwa kiganja, anavuta nyingine. "Mlango wautafutie mtu mwingine."